Kurudisha Mara Moja Tu: GIF ya WhatsApp, Kumbukumbu ya Simu na Pesa Iliyokuja Kimakosa

Mnamo Oktoba 2019 mtafiti wa usalama wa kompyuta anayejiita Awakened alieleza hadharani jinsi picha moja ya GIF, zile picha fupi zinazochezacheza tunazotumiana kwenye magrupu, ilivyoweza kumfungulia mtu wa mbali mlango wa WhatsApp yako. Hukuhitaji kubonyeza kiungo chochote. Hata kuifungua hiyo picha hukuhitaji. Picha ikishafika na kuhifadhiwa kwenye simu, ilitosha wewe mwenyewe ufungue galari ndani ya WhatsApp, tuseme unataka kumtumia shangazi picha za harusi. WhatsApp inapoandaa vile vijipicha vidogo vya galari, inaipitia ile GIF pia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Hakuna PIN iliyobahatishwa hapo, wala mtu aliyepigiwa simu akadanganywa. Tatizo lilikuwa kwamba kipande kidogo cha programu kilirudisha kitu ambacho kilikuwa kimesharudishwa. Basi.

Kila tukiwaambia wateja wasasishe apu zao, kuna anayesema hiyo ni njia ya kumaliza bando za watu. Leo tueleze kosa hili moja taratibu, ndiyo uone kinachorekebishwa ni nini hasa. Na kuna sababu nyingine ya kulieleza hapa: kosa hilo hilo lina ndugu yake upande wa pesa, na huyo ndugu huenda umeshakutana naye.

Kaunta ya mizigo

Ukienda supamaketi na begi, unaliacha kwenye kaunta ya mizigo pale mlangoni. Mhudumu analiweka kwenye rafu, nafasi nambari 14, halafu anakupa kadi yenye nambari hiyo. Ukimaliza kununua unarudisha kadi, unachukua begi lako, na mhudumu anaandika kwenye daftari lake kwamba nafasi 14 iko wazi.

Kumbukumbu ya simu inaendeshwa hivyo hivyo. Apu ikitaka kuchora picha inaomba nafasi ya baiti kadhaa. Mfumo unaitafutia nafasi na kuipa anwani yake. Hiyo anwani ndiyo kadi. Apu ikimaliza kazi inarudisha nafasi ili apu iitumie tena kwa jambo lingine. Katika lugha ya C, ambayo ilianza miaka ya 1970 na mpaka leo imebeba sehemu kubwa ya programu za chini kabisa za simu na seva, kazi ya kukumbuka kurudisha ni ya mwandishi wa programu mwenyewe. Hakuna anayemkumbusha.

Akisahau kurudisha, nafasi inabaki imeshikwa bure. Ikitokea mara nyingi simu inakuwa nzito, apu inakwama, inajifunga. Inaudhi, lakini unaiwasha tena na maisha yanaendelea.

Sasa chukua kinyume chake. Kadi ya 14 imerudishwa, begi limechukuliwa, kisha kwa njia fulani kadi ile ile inarudishwa tena. Mhudumu ana foleni ndefu, haangalii nyuma, anaandika tena: 14 iko wazi. Daftari sasa lina 14 mara mbili. Mteja anayefuata anapewa 14. Anayekuja nyuma yake naye anapewa 14. Wote wawili wana kadi halali, hakuna aliyeiba chochote, na wa pili anaweza kufungua begi la wa kwanza, kubadilisha kilichomo na kwenda zake bila mtu kumuuliza.

Kusahau kurudisha kunakupotezea nafasi. Kurudisha mara mbili kunawapa watu wawili nafasi moja, na kila mmoja anaamini ni yake peke yake. Ndiyo maana wataalamu wa usalama huliogopa hili la pili kuliko lile la kwanza, japo lile la kwanza ndilo linalolalamikiwa zaidi na watumiaji.

Kilichotokea ndani ya GIF

WhatsApp haikuandika yenyewe sehemu ya kusoma GIF. Ilitumia maktaba ya wazi iitwayo android-gif-drawable. Maktaba kwa lugha ya programu ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo mtengenezaji yeyote wa apu anaweza kuziazima, badala ya kila mtu kuanza kusaga unga wake mwenyewe. Maktaba hii ilikuwa ndani ya apu nyingine nyingi za Android pia.

GIF ni mfululizo wa fremu, na kila fremu inataja upana na urefu wake. Maktaba ilikuwa inatenga nafasi moja ya kuchorea, na fremu yenye vipimo tofauti ikija, inaomba nafasi ile ibadilishwe ukubwa. Lakini kwenye Android, ukiomba nafasi ibadilishwe iwe ya ukubwa wa sifuri, mfumo unakuelewa hivi: huyu amemaliza, anairudisha. Inaipokea nafasi na kujibu kwamba haina cha kukupa. Maktaba ilisoma jibu hilo kana kwamba kumbukumbu imejaa, ikabaki imeshika anwani ya zamani mkononi. Fremu nyingine yenye kipimo cha sifuri ikija, ombi lile lile likaenda na anwani ile ile. Nafasi ikarudishwa mara ya pili.

GIF ya kawaida haina fremu ya upana sifuri. Nani achore picha isiyo na upana? Lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kuiandika kwa makusudi. Akapanga pia ukubwa wa nafasi iliyorudishwa mara mbili uwe baiti 168, kwa sababu huo ndio ukubwa wa rekodi ambayo maktaba hutunzia habari za picha inayosomwa. Ndani ya rekodi hiyo kuna anwani ya kazi itakayofanywa picha ikifika mwisho. WhatsApp ilikuwa ikiipitia kila GIF mara mbili. Katika mapitio ya pili rekodi ikapewa nafasi ile, na data ya picha, yaani maneno ya mtumaji mwenyewe, nayo ikapewa nafasi ile ile. Data ikaandikwa juu ya rekodi. Picha ilipofika mwisho, simu ikafanya kazi aliyoichagua mtumaji.

Kwa haki, haikuwa kazi ya mtoto. Mshambuliaji alihitaji pia kujua mpangilio wa kumbukumbu ya simu husika, na hilo linataka udhaifu mwingine wa pembeni. Njia aliyoieleza Awakened ilifanya kazi kwenye Android 8.1 na 9. Kwenye matoleo ya nyuma kosa lilikuwepo, ila WhatsApp ilijifunga kabla ya kufika mbali. WhatsApp ililiziba kwenye toleo 2.19.244, na maktaba yenyewe kwenye toleo 1.2.18.

Utauliza, hiyo inahusiana vipi na pesa yangu? Android huweka kila apu kwenye chumba chake, kwa hiyo kuingia WhatsApp si kuingia kwenye akaunti yako ya pesa moja kwa moja. Lakini fikiria kilichomo kwenye WhatsApp ya Mkenya wa kawaida. Picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, uliyomtumia ejenti wa nyumba. PIN uliyomwandikia dada yako siku ulipokuwa hospitalini ili akutolee pesa. Ujumbe wa kila malipo uliowahi kumtumia mtu kama ushahidi kwamba umelipa. Mtu akivisoma hivyo, hana haja ya kuvunja mfumo wetu. Anapiga simu akijifanya wewe.

Dawa ni ndogo kuliko ugonjwa

Rekebisho la maktaba lilikuwa mistari michache. Fremu ikiwa na ukubwa wa sifuri, rudisha nafasi, halafu futa anwani uliyokuwa umeishika. Basi. Kwa kanuni za lugha ya C, ukiambia mfumo urudishe nafasi huku mkononi una anwani tupu, haufanyi lolote. Kwa hiyo ukizoea kuifuta anwani papo hapo baada ya kurudisha, amri ya pili inakuwa haina madhara hata ikirudiwa mara kumi. Ni kama mhudumu angeichana kadi ya 14 pale pale mbele yako.

Inaonekana rahisi hivi, mbona basi kosa linarudi kila baada ya miaka michache? Mwaka 2002 lilipatikana kwenye zlib, maktaba ya kubana data inayotumiwa karibu kila mahali kompyuta zilipo, likazibwa katika toleo 1.1.4. Mwaka 2023 lilipatikana kwenye OpenSSH 9.1, programu ambayo wasimamizi wa seva duniani huitumia kuingia kwenye mashine zao kwa usalama. Hawa si watu wazembe. Tatizo ni kwamba anwani hunakiliwa. Sehemu moja ya programu ina anwani, inampa mwenzake nakala, wa kwanza anarudisha nafasi na kufuta anwani yake kama mtoto mwema, na wa pili bado ana nakala mfukoni. Siku moja anakuja nayo kaunta.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye somo lote. Kufuta kadi ni tabia nzuri, lakini swali kubwa ni nani mwenye jukumu la kurudisha. Kitu kikiwa na wenyewe wawili wanaodhani kila mmoja ni kazi yake kukirudisha, kitarudishwa mara mbili, ni suala la siku tu. Waandishi makini wa maktaba hutaja mwenye kitu ni mmoja, na wengine wote ni wageni wanaotazama. Lugha ya Rust imelifanya hilo sheria: ukimpa mwenzako umiliki wa nafasi, wewe huruhusiwi tena hata kuitaja, na programu inayojaribu haikubaliwi kabla hata haijafika kwenye simu. Google ilianza kuiingiza Rust kwenye Android mwaka 2021. Kwa hesabu zao wenyewe, makosa yanayotokana na kushika kumbukumbu vibaya yalikuwa asilimia 76 ya udhaifu wa usalama wa Android mwaka 2019, na kufikia 2024 yalikuwa asilimia 24.

Wakati huo huo, mhudumu wa kaunta naye ameambiwa afungue macho. Kuanzia Android 11, simu nyingi zinatumia msimamizi wa kumbukumbu aitwaye Scudo, ambaye huweka alama kwenye kila nafasi kuonyesha kama imetolewa ama imerudi. Ukija kurudisha nafasi ambayo alama inasema ilisharudi, anaisimamisha apu papo hapo. Kwa hiyo apu ikijifunga ghafla kwenye simu mpya, wakati mwingine ni mlinzi amefanya kazi yake. Heri apu ifungwe kuliko iendelee ikiwa na wapangaji wawili kwenye chumba kimoja.

Faili nazo zina kadi

Kumbukumbu si kitu pekee kinachoazimwa na kurudishwa. Programu ikifungua faili ama muunganisho wa intaneti kwenye Android ama Linux, inapewa nambari ndogo, tuseme 7. Ikiufunga, 7 inakuwa huru, na anayefungua kitu kingine hupewa nambari ndogo kabisa iliyo wazi, ambayo mara nyingi ni hiyo hiyo 7.

Sasa tazama. Sehemu moja ya apu inafunga 7. Sehemu nyingine, inayofanya kazi sambamba, inafungua muunganisho wake na kupewa 7. Ile ya kwanza, kwa kujirudia, inafunga 7 tena. Imefunga ya mwenzake. Na mwenzake anaendelea kuandika kwenye 7, bila kujua kwamba 7 sasa pengine ni ya mtu wa tatu. Data ya hapa inaishia kule. Kosa la aina hii linaweza kumtesa mhandisi wiki nzima, kwa sababu anayelia siye aliyekosa.

Android 10 ilileta ukaguzi wa jambo hili, na Android 11 ikaufanya mkali. Unaitwa fdsan. Kila nambari iliyo wazi inaweza kuandikiwa jina la mwenyewe, na anayekuja kuifunga lazima jina lake lilingane. Likikosa kulingana, apu inasimamishwa. Yaani kadi ya 14 sasa haitoshi. Uwe na kadi na uwe ndiye uliyeacha begi.

Ndugu wa kosa hili kwenye pesa

Kuna utapeli unaojulikana sana hapa kwetu. Unapokea ujumbe kwamba umetumiwa pesa, halafu simu inalia: samahani sana, nimekosea nambari, hiyo ilikuwa karo ya mtoto, tafadhali nirudishie. Wengi wenu mmeshajifunza kuangalia salio kwanza, kwa sababu mara nyingi ujumbe ni wa kutungwa na hakuna hata shilingi iliyoingia. Mtu asiangalie jina la mtumaji wa ujumbe peke yake, aangalie salio.

Lakini kuna namna ya pili, ambayo ni ngumu zaidi kwa sababu pesa imeingia kweli. Tuseme ni shilingi 3,500. Wewe ni mtu mwema, unamtumia 3,500 zake. Kumbe yeye tayari amepiga huduma kwa wateja kuomba arejeshewe, ama anapiga baada ya kupokea zako. Ombi la kurejesha, wengi mnasema kurivasi, linashikilia muamala wake wa kwanza, ambao kwenye mfumo bado unaonekana haujarejeshwa. Kwa nini? Kwa sababu pesa uliyotuma kwa mkono wako haikuandikwa popote kama marejesho. Ni muamala mpya, wenye nambari mpya, kama vile ungekuwa umemlipa boda boda. Ombi lake likipita, 3,500 zinatoka kwako mara ya pili.

Ukiitazama vizuri, ni hadithi ile ile ya nafasi 14. Kitu kimoja, watu wawili, kila mmoja ana nakala ya kadi na kila mmoja anadhani ni kazi yake kurudisha. Dawa pia ni ile ile: mwenye jukumu la kurudisha awe mmoja. Ukipata pesa isiyo yako, usiitumie na usiitume. Mwambie mtumaji, kwa upole kabisa, awasiliane na huduma kwa wateja ya kampuni aliyotumia, nawe piga uwaeleze kwamba pesa imeingia na huna pingamizi irejeshwe. Marejesho yakifungwa kwenye nambari ya muamala wa kwanza, muamala huo unawekwa alama kwamba umesharejeshwa, na ombi la pili likija linagonga ukuta. Akianza kukufokea kwamba anataka sasa hivi na kwa mkono, hapo ujue umeshapata jibu la swali ulilokuwa unajiuliza.

Namna ya tatu haina tapeli kabisa, ni mtandao tu. Umelipa kwa mama mboga, simu imezunguka, imezunguka, hakuna ujumbe. Simu haijui kama ombi lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani, ama ombi lenyewe halikuondoka. Mfumo wa malipo ulioundwa vizuri hulipa kila ombi nambari ya pekee tangu mwanzo, ili apu ikilituma tena lenyewe, seva itambue: hili nimeshalifanya, jibu lake ni hili. Lakini wewe ukirudi mwanzo, ukaandika nambari na kiasi upya na kuweka PIN, hilo ni ombi jipya halali. Seva haina njia ya kujua kwamba moyoni ulikuwa na nia ya kulipa sukuma wiki mara moja. Kwa hiyo angalia salio ama taarifa ya akaunti kwanza. Kama mtandao ni mbovu kiasi kwamba hata salio haliji, subiri dakika kadhaa. Mama mboga hakimbii, na wewe mteja wake wa kila siku hukimbii.

Kuhusu simu yenyewe, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, uone toleo la Android. Kama ni 10 kurudi nyuma, zile ulinzi tulizotaja hazimo ama hazijakamilika, na hapo kusasisha apu moja moja kunakuwa na uzito zaidi, kwa sababu ndiyo kinga iliyobaki. Anza na WhatsApp na apu unayolipia, pitia Google Play, na ikiwa bando ni tatizo, fanya siku ukiwa karibu na waifai. Halafu fungua mazungumzo yako na dada, tafuta ule ujumbe wenye PIN, ufute, na ubadilishe PIN leo hii.